Vyumba Kumi na Sita

Hakuwa na piano. Hakuwa na cheti chochote ila kile cha shule ya jioni, na hicho nacho jina lake liliandikwa kwa makosa. Hakuwa na vidole virefu, wala baba aliyejua muziki, wala mjomba kwenye kamati. Hakuwa na suti yenye vifungo vyote. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba jambo alilolitaka linawezekana.

Masikio alikuwa nayo. Watu walimwita Fundi kwa sababu alitengeneza piano za wenzake: alikaza nyaya, alibadilisha sufu iliyolika kwenye nyundo za ndani, aliondoa sarafu na pini za nywele zilizotumbukizwa na watoto. Siku za wiki alikuwa kazini. Ijumaa na Jumamosi alipiga piano katika bendi ya jazi kwenye hoteli moja karibu na stesheni. Jumatatu na Jumatano alikwenda shule ya jioni kujifunza kusoma noti, aliyoianza akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, akikaa dawati moja na karani aliyekuwa akijifunza hesabu za sehemu.

Kila mwezi aliitwa kwenye ukumbi wa okestra kusawazisha piano kubwa. Siku ya kwanza mlinzi alimwekea masharti: aingie kwa mlango wa nyuma, avue viatu vya misumari, na asitoe sauti wakati wa mazoezi. Fundi aliyashika masharti hayo miaka ishirini na miwili. Alikaa kimya nyuma ya pazia na kusikiliza fidla, akarudi nyumbani na kuandika.

Alichoandika kilikuwa na fidla za ukumbini na tarumbeta ya hotelini. Hakikumpendeza mtu. Wa ukumbini walisema ni dansi iliyovaa tai. Wa bendi walisema ni muziki wa kuzikia mawaziri. Shangazi yake alimkumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Fundi alimjibu, "Shangazi, piano hupigwa kwa mikono miwili. Wa kushoto na wa kulia haipigi kitu kimoja, na hakuna kinachoponyoka." Shangazi alisema mwanamume anayebishana na methali hatajenga nyumba. Kuhusu nyumba hakukosea.

Kazi yake ya tisa ndiyo iliyofika mbali. Aliiandika kwa miaka mitatu, na ndani yake aliweka nafasi ya rafiki yake mpiga tarumbeta, ambaye kila mtu alimwita Mdomo. Mdomo hakujua kusoma noti hata moja. Lakini akipuliza, wahudumu wa hoteli walisimama na sinia mkononi mpaka wakaitwa.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Noti huandikwa kati ya mistari iliyosimama, na nafasi iliyo kati ya mstari na mstari wanabendi waliiita chumba. Kwao chumba kitupu kilikuwa na maana moja: ingia, ni chako, piga unavyojua. Kiongozi wa bendi humgeukia mpigaji na kumwambia kwa nguvu, "Sema!" Naye husema. Fundi aliacha vyumba kumi na sita vitupu katikati ya kazi yake, na juu yake akaandika kwa penseli: *Mdomo, sema.*

Nakala safi iliandikwa na mdogo wa kike wa mkewe, mpiga chapa wa ofisi ya hati za viwanja, mwenye mwandiko ulionyooka kama uzi wa mwashi. Fundi alimfundisha alama za noti, naye alinakili kurasa sitini na nne bila doa. Zikapelekwa kwenye kamati ya okestra. Kamati haikujibu miezi saba, kisha ikajibu kwamba itaijaribu Jumanne alasiri.

Jumanne hiyo Mdomo alikuja na koti la kuazima. Aliwekwa kiti mbele, karibu na fidla, tarumbeta mapajani. Fundi alisimama pale alipozoea, nyuma ya pazia. Mwongozaji wa okestra, mzee mwembamba mwenye miwani ya kamba, aliinua fimbo, na Fundi akasikia kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa akikisikia peke yake miaka mitatu.

Wakafika kwenye vyumba. Okestra ikanyamaza. Mdomo akainua tarumbeta, akangoja neno.

Neno halikuja. Mwongozaji alikuwa akihesabu kwa fimbo, macho kwenye karatasi. Mdomo alitazama kushoto, akatazama kulia. Fundi alifungua kinywa. Ilikuwa silabi mbili tu. Lakini mle ndani hakuwahi kutoa sauti miaka ishirini na miwili, na sauti haikutoka. Vyumba vikapita, kimoja kimoja, vyote kumi na sita, kisha fidla zikarudi na Mdomo akashusha tarumbeta mapajani.

Mwisho, mwongozaji aliweka fimbo chini na kuvua miwani.

"Kimya kile," alisema, akiligeukia pazia. "Nimeongoza miaka thelathini sijapata kuona mtu mwenye ujasiri wa kuandika kimya kama kile. Na yule bwana ameinua tarumbeta asipige! Mzee, wewe ni mtu wa ajabu."

Wapiga fidla waligonga vijiti vyao kwenye stendi za noti, ndiyo makofi ya okestra. Fundi aliinamisha kichwa na kusema asante.

Nje, Mdomo alikuwa akivua koti la watu.

"Kumbe umenialika nije kukaa," alisema. "Ungeniambia mapema, ningekuja na mto."

"Ndugu yangu, sijui kilichotokea."

"Mimi najua. Nimelipa nauli kwenda kunyamaza. Nyumbani nanyamaza bure, muulize mke wangu."

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake na kumfungulia ukurasa. Katika kila chumba palikuwa na alama ndogo nyeusi ya kunyamaza, kumi na sita, zimepangwa vizuri.

"Shemeji, hizi umezitoa wapi?"

"Si palikuwa patupu? Ofisini kwetu nafasi tupu haiachwi wazi, Shemeji. Inapigwa mstari. Ukiiacha, mtu anaweza kuja akaandika analotaka."

"Ndivyo nilivyokusudia."

Shemeji yake alimtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba ilijengwa ili ivuje.

"Na yale maneno ya penseli? Mdomo, sema?"

"Nilidhani umejiandikia usisahau kusema na Mdomo. Hata nilikukumbusha! Ukanijibu mmeonana." Akajifunika uso kwa khanga, na haikujulikana kama analia au anacheka. Vilikuwa vyote viwili.

Ijumaa barua ikaja. Kamati ilikuwa imeikubali kazi hiyo ifungue msimu. Wanaoichapa wangeanza wiki inayofuata, kwa hiyo mtunzi athibitishe kwa maandishi kwamba ibaki kama ilivyosikika, *hususan kimya cha katikati*. Hakukuwa na haja ya kumsumbua tena mpiga tarumbeta.

Mkewe aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti.

"Miaka ishirini na miwili unagonga mlango," alisema. "Umefunguliwa. Usije ukaanza kukagua bawaba, baba watoto."

"Wamesifu kitu ambacho sikukiandika."

"Kwani nani anajua?"

"Mdomo anajua."

"Mdomo ni mtu mzima."

Ni kweli, na Fundi alikwenda kumuuliza. Alimkuta uani akiosha vali za tarumbeta kwenye beseni. Mdomo alisikiliza barua yote bila kuinua kichwa.

"Chukua," alisema. "Mimi nimeshapigiwa makofi yakanitosha. Wewe hujapigiwa." Alipuliza maji yakatoka. "Ila niambie kitu kimoja. Pale nyuma ya pazia, ulitaka kusema?"

"Nilitaka."

"Basi."

Neno hilo moja lilimsumbua Fundi kuliko tusi. Alielewa kwamba shemeji yake alikosea kwa uaminifu, kwa sheria ya ofisi yake. Mwongozaji naye alisoma kilichoandikwa. Aliyejua ukweli na kunyamaza alikuwa mmoja.

Jumamosi asubuhi alisogeza vikombe pembeni, akakaa na kalamu ya wino. Aliandika kwamba kimya kile kilikuwa kosa la kunakili, na kwamba sifa zake anazirudisha kwa shukrani. Aliandika kwamba vyumba vile kumi na sita vina mwenyewe, na mwenyewe hasomi noti, kwa hiyo mwongozaji atalazimika kuinua macho kutoka kwenye karatasi, kumtazama, na kutamka neno moja kwa sauti ya kusikika. Akaliandika neno hilo peke yake kwenye mstari wake. Kama haiwezekani, aliandika, naomba nirudishiwe kurasa zangu sitini na nne. Nitaelewa.

Mkewe alisoma akiwa amesimama nyuma yake. Alikwenda kuleta bahasha.

Shemeji aliichukua barua aikague makosa, akaongeza nukta moja. Chini ya sahihi ilibaki nusu ya karatasi tupu. Mkono wake, kwa mazoea, ukaenda pale na kalamu kupiga mstari.

"Acha wazi, Shemeji," Fundi alisema.

Akaacha. Fundi aliikunja mara tatu, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akaenda nayo posta kwa miguu. Karani aligonga muhuri na kuuliza kama ni ya haraka. Fundi alisema ndiyo, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na watu wa kwenye foleni wakageuka.