Maji ya Ovaroli

Mama Pacha alikuwa ameinamia beseni, akifikicha ovaroli ya mumewe, wakati Maswali alipomwambia lile neno alilokuwa akilizungusha mdomoni tangu asubuhi.

"Ugonjwa wa watoto hautoki kisimani, Mama Pacha."

Mikono ikasimama ndani ya povu.

Maswali halikuwa jina lake. Mtaa ndio uliombatiza, kwa kuwa tangu apange chumba kwa Mama Pacha alikuwa haishi kuuliza: mnakula saa ngapi, mtoto akilia anabebwa na nani, nani analala wapi. Alikuwa mwanaanthropolojia, mtu ambaye kazi yake ni kuishi na watu mpaka aelewe wanavyoishi.

"Yaani umesomea umbea," Baba Pacha alizoea kumtania, "na bado hujafaulu."

Kamati ya mazingira ya mji ilimwita baada ya wapimaji kugonga mwamba. Mtaa ule ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na watoto wake walikutwa na madini ya risasi kwenye damu. Wapimaji wakapima kisima, wakapima moshi. Vyote wakaviona salama. Watoto wakazidi kudhoofu. Kwa Mama Pacha, pacha mmoja alikuwa anakimbia, na mwenzake alikuwa ameanza kusahau kusimama.

Maswali yeye alikaa tu. Katika kukaa akaona jinsi Baba Pacha, fundi wa tanuri la kiwanda hicho, akitoka kazini anavyodakwa mlangoni na wanawe, wakimng'ang'ania miguu na vumbi lake lote. Akaona ovaroli ikifuliwa kwenye beseni, na beseni lilelile, likishasuuzwa, likiogeshewa watoto. Ndipo akawaomba wapimaji wapime nguo na mabeseni ya mtaa mzima. Majibu yalikuwa yametoka asubuhi hiyo, na kamati ilikuwa imepanga kumsikiliza kesho yake mbele ya watu.

"Kama si kisimani, unatoka wapi?" Mama Pacha aliuliza, ingawa macho yake yalikwisha kuteremka kwenye yale maji ya kijivu.

Maswali naye aliyatazama.

"Kwa hiyo kesho utasimama mbele ya watu useme nimemlisha mwanangu sumu kwa mikono yangu."

"Nitasema ni vumbi la kiwanda."

"Kiwanda hakifui hapa. Nafua mimi." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomtisha Maswali. "Na wakijua ni nyumba hii, mume wangu ana kazi tena?"

"Nyumba sitaitaja. Na ukinikataza kusema, sitasema."

Mama Pacha aliikamua ovaroli mpaka tone la mwisho.

"Wako watoto wa wenzangu pia," alisema mwishowe. "Sema. Ila usinifanye muuaji."

Kesho yake ukumbi wa halmashauri ulifurika. Maswali alieleza aliyoyaona, akijitahidi asiangalie benchi la nyuma, alipokaa Mama Pacha na mtoto mgongoni. Alipomaliza, wakili wa kiwanda aliinuka akitabasamu.

"Tunamshukuru mtaalamu, maana ametutakasa. Moshi salama, kisima salama. Tatizo ni usafi wa majumbani. Kiwanda kitatoa sabuni na mafunzo kwa akina mama."

Kazi ya Maswali mwenyewe ilikuwa imegeuzwa kisu mbele ya macho yake, na makali yameelekezwa kwa yule aliyempa chumba.

"Na kama si hadithi ya kutunga," wakili akaongeza, "atutajie hiyo nyumba."

"Sitaitaja."

"Basi tuamini nini?"

"Majibu ya wapimaji mnayo: risasi imo kwenye nguo na mabeseni ya mtaa mzima. Nyumba sitaitaja." Nyuma kule, Mama Pacha alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesomewa hukumu. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kumuuliza meneja wa kiwanda swali."

Watu wakacheka kidogo; walimjua kwa maswali yake.

"Ovaroli yako inafuliwa wapi?"

Meneja akamtazama wakili. "Hilo halihusiani."

"Jibu," mwenyekiti akasema.

"Kiwandani. Tuna mashine ya wakuu wa idara."

"Na kabla ya kwenda nyumbani?"

"Tunaoga. Ni taratibu za usalama."

"Mafundi wa tanuri nao wanaoga?"

Meneja akaanza kupanga karatasi zake. Maswali alikwisha kulitembelea lile bafu, na alijua mlango wake una kufuli ambalo mafundi hawakupewa ufunguo wake.

"Basi mlijua vumbi lile halifai kumfikia mtoto," alisema. "Mkawakinga wa kwenu. Mwanamke aliyefua nguo ya mumewe hakuambiwa na mtu."

Hakuna aliyecheka tena.

Kamati iliamuru tanuri lizimwe mpaka kila mfanyakazi apate bafu na nguo zifuliwe hukohuko, na watoto watibiwe kwa gharama ya kiwanda. Tanuri lilipozimwa mafundi walikaa bila kazi, na wapo majirani waliompita Maswali bila salamu. Baba Pacha alimsalimia, lakini utani aliuweka kando.

Mafundi waliporudi kazini, walianza kufika nyumbani wameoga. Yule pacha alisimama tena, ingawa maneno yalimjia kwa shida, na daktari hakuwaficha kwamba mengine huenda yasirudi. Mama Pacha hakumlaumu Maswali, wala hakumshukuru. Walipika pamoja na kuzungumza ya dunia yote, isipokuwa hilo. Na mtoto alipojikwaa na neno, wote wawili walinyamaza wakamngoja.