Mshale Ulisema Themanini

Mama Hosiana aliponiita mwongo mbele ya wapakiaji wa kabichi, uvumilivu ulinishinda. Nimemwendeshea lori lake la Fuso kutoka Mgeta hadi sokoni mjini miaka yote hii bila hata mkwaruzo, leo ananitaka nirudishe funguo, eti kidude cha setilaiti alichofungisha chini ya dashibodi kimemtumia ujumbe kwamba nimevuka themanini anayoruhusu, nimekimbia themanini na nane. Mshale wa spidi ulisema themanini. Niliutazama kwa macho yangu haya haya.

"Setilaiti haikujui, Thobias," alisema. "Itakusingizia kwa faida gani?"

Nikamwambia basi tupande wote. Tulimpitia Evance, fundi aliyefunga kidude hicho, pale Mafiga, tukashika barabara ya Iringa. Mshale themanini, simu ya mama themanini na nane. Nikapunguza hadi arobaini, simu ikasema arobaini na nne. Mama akawa anagonga kioo cha mshale kwa kucha kana kwamba kuna mtu amelala ndani. Mimi nilikuwa nimechoka hata kuapa.

Tuliposimama, Evance alishuka, akayatazama magurudumu, akauliza nani alibadilisha matairi. Mama akatazama mlimani. Ni yeye aliyenunua kule Mwembesongo matairi makubwa kuliko ya awali, masika yalipokaribia, gari liinuke lisikwame kwenye tope, kama wafanyavyo wabeba kabichi wote wa Mgeta. Evance akaeleza kwamba mshale unahesabu mizunguko ya gurudumu tu. Haujui kuwa gurudumu limekua na kila mzunguko unakwenda mbali zaidi. Setilaiti inaangalia gari lenyewe limetoka wapi na limefika wapi.

"Kwa hiyo sikudanganya," nilisema.

"Hukudanganya," mama akakubali shingo upande. "Ila ulikimbia."

Funguo zilibaki mfukoni mwangu. Nyumbani nilimsimulia mke wangu Martina kwa mbwembwe zote. Tangu masika, kila tukishuka na Fuso hilo hilo kutoka kwa mama yake kule Nyandira, Martina hufumba macho na kusema nakimbia, nami humwonyesha mshale na kumwambia ana woga wa bure. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipakua ugali.

"Mama Hosiana amekuomba radhi?" aliuliza.

Nikasema hajaniomba, na imeniudhi sana.

"Najua inavyoudhi," alisema.