Saini ya Sinan

Khole alimruhusu mumewe kwa sharti moja, na alilisema mbele ya kaka yake, sinia la wali likiwa bado katikati yao, ili asitokee mtu wa kusema hakusikia.

"Aende, lakini si kwa Bahari Nyekundu."

"Khole, miye ndugu yako," alijibu Thuwaini. "Meli inazunguka kusini ya Afrika. Safari ndefu lakini salama. Nimpeleke shemegi yangu kwenye moto?"

Thuwaini alikuwa wakala wa mabaharia mjini Sur, pwani ya Oman, kazi yake kuzitafutia meli watu. Sinan, mume wa Khole, alikuwa mhandisi wa mitambo aliyekaa miezi minane bila kazi. Khole mwenyewe alisomesha jiografia katika skuli ya wasichana hapa Ibra, na ramani aliijua. Bab el-Mandeb, mlango wa Bahari Nyekundu, ulikuwa chini ya makombora ya wanamgambo wa Kishia wa kaskazini ya Yemen, wale wanaopewa silaha na Iran. Walisema wanazipiga meli za wanaofanya biashara na Israel, kwa ajili ya watu wa Gaza. Khole alikuwa akiwasifu katika chumba cha walimu, hata darasani. "Angalau wapo wanaofanya kitu," alisema. Lakini kusifu ni jambo moja, kumtoa mume ni jengine.

Meli ilipigwa mwezi wa Julai, siku ya sita ya safari, ndani ya Bahari Nyekundu. Boti ndogo zilikuja kwanza zikimimina risasi, kisha kombora likatoboa ubavu. Nahodha alikufa, na mpishi, Mfilipino mmoja, akafa. Meli ikazama. Sinan na wenziwe saba waliokotwa majini na hao hao waliowapiga, wakapelekwa Hudaida, bandari ya Yemen.

Khole alimwona mumewe kwenye video. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, ndevu zimemjaa, anasoma kwa Kiarabu cha vitabuni maneno ya kuwalaumu wenye meli na kuwashukuru waliomwokoa. Sinan hajapata kusema Kiarabu kile maishani mwake. Nyumbani alisema Kiswahili cha wazee wake wa Unguja, na sokoni Kiarabu cha watu wa Ibra.

Kila Ijumaa Thuwaini alitoka Sur na nguru mzima ndani ya sanduku la barafu, akaja kukaa na dada yake na mama yao, Bi Shukriya, aliyekuwa akiishi kwa Khole. "Nahodha ndiye aliyegeuza njia," alisema. "Alitaka kufupisha safari. Mungu amsamehe." Akalia, na Khole akampa kitambaa. Thuwaini alimshauri pia asihangaike kuuliza serikalini, asije akaharibu mazungumzo ya kuwakomboa mateka. Khole akatii. Usiku alihamishia godoro lake chumbani kwa mama yake, na kila baada ya sala alimlaani nahodha yule kwa sauti. Bi Shukriya aliitika amin.

Disemba Oman ilipatanisha, mateka wakaachiwa, ndege ikawaleta Maskati. Uwanjani Sinan alimbusu mkwewe mkono, akamkumbatia mkewe kwa muda mrefu. Thuwaini alipofungua mikono, Sinan alipita kama kwamba pale hapana mtu.

"Kachoka," Khole alimwambia kaka yake. "Usimhesabie."

Ijumaa iliyofuata, Sinan aliposikia gari mlangoni, alipitia jikoni kwenda uani. Chakula kikaandaliwa bila yeye. Khole akamfuata.

"Una nini na kaka yangu?"

"Rudi ndani, Khole."

"Sirudi."

Sinan aliegemea tangi la maji. "Kule Hudaida walituhoji mmoja mmoja. Ofisa wetu aliokoa mkoba wa karatasi za meli, wakamnyang'anya. Aliyenihoji akanionyesha moja, ridhaa ya baharia kupita Bab el-Mandeb. Jina langu, nambari ya pasi yangu, saini."

"Ulitia saini?"

"Haikuwa yangu. Imetoka ofisi ya Thuwaini, tarehe ya Ijumaa ile ulipomwekea sharti lako hapa. Nikasema, hii siyo mimi. Yule mtu akacheka. 'Sisi tumekupiga tukiwa maadui,' akaniambia. 'Huyu aliyekuleta kwetu, ni nani wako?'"

"Na meli yenu ilikuwa inakwenda Israel?"

"Tumebeba mbolea, tunaipeleka Uhispania. Kampuni ina meli nyengine, ndiyo iliyopata kwenda Haifa. Kwa hiyo ndiyo akafa mpishi wetu. Mkristo yule, lakini chakula changu alikitengea sufuria yake, haikuguswa na nyama ya nguruwe hata siku moja. Niliwaambia. Wakanijibu vita havichagui."

"Nami nikiwasifu mbele ya watoto wa watu."

"Sote tuliwasifu."

"Mbona hukunambia, Sinan?"

"Kaka unaye mmoja tu."

Ndani, Thuwaini alikuwa akimtolea mama yake miiba ya samaki.

"Kaka, nani aliyetia saini karatasi ya Sinan?"

Vidole vikasita juu ya sahani. "Karatasi gani?" Kisha akamtazama usoni, akaona uongo haufai tena. "Walitaka mhandisi siku ile ile. Ningemuuliza angekataa, nawe ungekataa. Meli ngapi zinapita pale salama! Nikasema atakwenda, atarudi, hatojua mtu."

"Ukamsingizia maiti."

"Ningesema nini?"

"Na machozi yale?"

"Yalikuwa ya kweli. Wallahi, Khole, yalikuwa ya kweli."

Khole akamgeukia mama yake, akitaraji kuona uso uliopigwa kama wake. Bi Shukriya alikuwa ameinamia wali. Hakuonyesha mshangao wowote.

"Mama. Ulikuwa unajua?"

"Aliniambia mwezi ule wa kwanza," mama yake alisema taratibu. "Ningefanyaje? Mmoja mateka, mwengine nimtie jela? Nimemwomba Mungu amrudishe Sinan, na karudi. Basi yaishe humu humu. Usitutie midomoni mwa watu."

Khole alikumbuka zile amin zote, moja moja. Alisimama, akafungua mlango wa nje.

"Toka, kaka."

Jumapili, ofisi zilipofunguliwa, yeye na Sinan walikwenda ofisi ya mashtaka wakaeleza kila kitu. Sinan alikuwa mzito; Khole ndiye aliyezungumza zaidi. Jioni yake alimwandikia barua mjane wa nahodha, akamwomba radhi kwa alivyomlaani mtu asiye na kosa. Jibu halijaja.

Bi Shukriya alihamia Sur kwa mwanawe wiki ile ile. Khole alimkunjia nguo, akamfungia sanduku, akamsindikiza mpaka garini.

"Mumeo karudi," mama yake alisema. "Mwanangu ndiye anayekwenda kifungoni."

Kesi haijesha. Sinan anatengeneza pampu za mashamba huko Al Kamil, njia ya kwenda Sur, na hakubali kulala mlango ukifungwa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli, Khole hupiga simu Sur na kusema shikamoo. Mama yake huitika marahaba. Halafu hukaa hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenziwe, mpaka mmoja wao akate.