Bafu la Juu kwa Mzee Gachanja

Khavere alikwenda peke yake kuikagua nyumba iliyokuwa ikiuzwa mtaani Donholm, ingawa walikuwa wameichagua wawili. Yeye na mumewe, Makokha, waliiona mwaka juzi, na Makokha akasimama getini akasema hapa ndipo watakapozeekea. Kisha Makokha akafariki. Khavere akaushikilia mpango ule kwa sababu hakuwa na mwingine.

Mwenye nyumba, mzee Gachanja, alimfungulia mwenyewe. Akamwonyesha sebule, jikoni, na chumba cha chini alimokuwa akilala tangu afiwe na mkewe, Waithera. Walipofika kwenye ngazi akasita.

"Huko juu panda tu, mama. Magoti yangu hayataki ngazi."

Khavere akapanda. Bafu la juu lilikuwa safi lakini kavu kabisa, kipande cha sabuni kimepasukapasuka kando ya sinki. Akafungua mfereji. Bomba likanguruma ukutani, likakohoa, likatapika maji mekundu ya kutu. Akayaacha yatiririke, huenda yangesafika. Mara akasikia mzee akipiga kelele.

"Mama! Funga! Maji yanaingia sebuleni!"

Akafunga, akashuka mbio. Dari ilikuwa imelowa, maji yakidondokea kochi. Wakalivuta kando, wakatega karai, kisha Khavere akaanza kupangusa sakafu huku mzee akimkamulia tambara.

"Bomba limeoza ndani ya ukuta," Khavere alisema. "Hukujua, mzee?"

Gachanja akakamua tambara tena. "Huo mfereji sijaufungua tangu Waithera aende. Mimi naogea beseni hapa chini. Mtu mmoja anahitaji maji gani?"

Khavere akaendelea kupangusa. Kwake, mtaani Umoja, alikuwa bado anasonga ugali kwa sufuria ya watu wengi, kisha anamwaga uliobaki.

"Nitamwambia kijana wangu Munene alete fundi," mzee akasema. Akatoa simu, akaitazama kidogo, akairudisha mfukoni.

Akapika chai. Khavere alikunywa akitazama dari. Ukuta ungeweza kubomolewa, bomba likabadilishwa, hilo halikumtisha. Kilichomtisha ni kujiona mwenyewe amehamia chumba kile cha chini, na huko juu vyumba havina wa kuviingia.

"Mzee, sitainunua. Na si kwa sababu ya bomba."

"Najua," Gachanja akajibu. "Maliza chai kwanza."

Akaimaliza, akaongezewa, naye hakukataa. Wakati wa kuagana mzee akamwomba apite siku moja aone kazi ya fundi. Khavere akakubali kwa heshima tu, bila nia ya kurudi.

Lakini mwezi uliofuata, Jumapili moja baada ya kanisa, alijikuta akielekea huko na mfuko wa mandazi. Geti lilikuwa na kufuli. Mwanamke wa nyumba ya pili akamwambia Munene alikuja akamchukua babake, wakaenda kuishi Nyeri.

"Wewe ni wa familia?" akamuuliza.

"Hapana," Khavere akasema. "Nilikuja tu kumsalimia."

Akamwachia yule jirani mandazi, akashika njia ya kurudi Umoja.