Tulikuwa wa Kwanza Sokoni

...na wa nne sokoni si wa mwisho, najiambia, wa nne bado yumo mbioni, ila mdogo wangu ameshabonyeza kile kidude chake na mchoro mwingine umekuja ukutani, mstari wetu wa bluu umelala chini kama uzi uliodondoka, juu yake mstari wa Jitu, ndivyo tunavyoiita hapa ofisini ile kampuni kubwa ya muziki wa mtandaoni, unapanda tu, anaeleza kwamba Jitu limeingia mkataba na kampuni ya simu, ukinunua bando unapewa nyimbo bure, mhasibu anatikisa kichwa, mwanasheria anaandika, na mimi nimekaa na jibu langu tayari kwa Jitu linalotaka kutununua, hatuuzi, nimekuja nalo tangu nyumbani... sisi ndio tuliowazoesha watu, walikuwa wanarushiana nyimbo simu kwa simu, za wizi, nusu zimekatika, tukawaambia usipakue, fungua programu yetu usikilize, wakatucheka, wimbo usiobaki kwenye simu yako ni wimbo gani, mdogo wangu akawa analala sakafuni chini ya meza ili mitambo ikizimika awe karibu, leo Jitu linakuja kukuta njia imeshafyekwa... "Wanachotaka ni wasikilizaji wetu," anasema, "nyimbo nyingi wanazo tayari," na amegeuka kuutazama mchoro, tangu lini ana mvi pale juu ya sikio, alipotoka kwa daktari alisema ni presha tu, dada, presha tu, kana kwamba ni mafua... wasikilizaji wetu, wepi hao, jana jioni nimeingia jikoni binti yangu anaosha vyombo, visikilizio masikioni, anaimba, nikachungulia simu yake juu ya friji, rangi za Jitu, akaniona, akafuta mikono haraka, nikamuuliza kwa upole kabisa, nimekukosea nini mwanangu, akasema, "Mama, yenu naipenda, lakini hii inajua ninachotaka kabla sijakitafuta," wala hakuwa na kiburi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba wimbo ulikuwa mzuri, alinipa kisikilizio kimoja nikausikiliza hadi mwisho, nikachukua kitambaa nikamsaidia kukausha sahani... sasa ninamlinda nani, mtoto wangu mwenyewe kashahama, na huko kuwa wa kwanza kumebaki habari ya kuwasimulia wageni... "Zile nyimbo wasizozihitaji wataziondoa," anaendelea taratibu, zile, anasema zile, na hapo namwona Mzee Nyuzi, mpiga gitaa, sebuleni kwake, kanda zake ndani ya boksi la viatu, mkewe akizipangusa moja moja kwa pindo la gauni, nyimbo ambazo hazipo popote pengine, akanisukumia boksi akasema, "Usije ukanipoteza, binti," na wapo wengine kama yeye, yule mama wa kwaya aliyepooza, yule fundi cherehani mwenye sauti kama filimbi, nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba, Jitu halikupita... wasikilizaji huenda wanakotaka, nani aliwahi kuwafunga kamba, basi wawachukue, wachukue na jina, mdogo wangu akalale kitandani kama watu, lakini kanda zile tuliaminiwa sisi, zitolewe kwenye mkataba, zibaki kwetu, kachumba kamoja kanatosha, atakayemtaka Mzee Nyuzi atatutafuta, wachache, sawa, hata wawe wachache... mwanasheria ameacha kuandika, wote wamenigeukia, mchoro bado uko palepale ukutani, "Dada, wewe ndiye mkubwa," anasema mdogo wangu, "tuuze, tusiuze?" na mimi namgeukia mwanasheria, kwanza nataka aniambie nyimbo za mtu aliye hai, anayekaa kwake akijua ziko mahali salama, zinaandikwaje kwenye karatasi ili mtu asije akazifuta...