Fimbo ya Nyabate

Kimeli, mwenye duka, alitemea mate soksi kuukuu, akaanza kusugua mshikio wa fimbo. Drusilla akageuza uso. Alikuwa amezoea uchafu wa duka hilo la vitu vilivyotumika pale Kericho, redio zenye mende na birika zenye kutu, lakini huu ulimshinda. Mshikio ulikuwa wa koki, gome laini kama la vizibo vya chupa, na kwenye nyufa zake kinyesi cha kuku kilikuwa kimekauka pamoja na manyoya. Sasa mate yalikilainisha, harufu ikapanda.

"Ilikuwa inakaa kwa kibanda ya kuku," Nyabate alisema kwa haya. "Tangu walete mashine ya kuchuma chai, sina kazi na hiyo fimbo."

Mama huyo alikuwa ametoka Merigi asubuhi hiyo, fimbo ikiwa imefungwa ndani ya gunia la unga. Alipotolewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai alijenga chumba kimoja, na bado nusu yake ilikuwa imefunikwa na turubai. Alitaka kujua kama fimbo ingemnunulia mabati.

"Haya, madam wa college," Kimeli akasema, akimsukumia Drusilla fimbo. "Mwambie mama ukweli."

Drusilla alikuwa amesomea utunzaji wa vitu vya kale, na kazi yake pale ilikuwa kutambua kitu kimetoka wapi na kina thamani gani. Akaishika fimbo kwa ncha za vidole. Ilikuwa ya mwanzi, lakini mwanzi uliopasuliwa vipande sita vyembamba, vikagandishwa pamoja hata ukucha usiweze kupata maungio. Katikati ilikuwa na kiungio cha shaba. Chini ya utomvu mweusi wa chai, uzi wa hariri ulikuwa bado umezungushwa vizuri. Hii ilikuwa fimbo ya kuvulia samaki wa mitoni, ya zamani, iliyotengenezwa kwa mkono ng'ambo.

"Mliipata wapi, mama?"

"Mzee wangu Onchiri alikuwa anafanyia mzungu shamba ya maua. Mzungu akienda kwao, akamwachia. Sisi hatujui mambo ya samaki, mwanangu. Mimi nikaona imenyooka, nikaifanya ya chai. Unailaza juu ya majani, unachuma tu yale yametokeza juu yake. Miaka ishirini na mbili."

Ndiyo maana ilikuwa imelika upande mmoja tu. Drusilla akapeleka kidole hadi kwenye ncha, akasita. Ncha ilikuwa imekatwa kwa panga.

"Ilikuwa ndefu," Nyabate akaeleza haraka. "Ilikuwa inadunga mwenzangu wa laini ile ingine. Alinitukana mpaka nikaikata."

Kimeli akacheka, akamvuta Drusilla kando ya kabati. Pumzi yake ilinuka maziwa ya mursik na sigara.

"Mwambie ni kuni," akanong'ona. "Nampatia ya unga na soda. Kuna mteja wa Nairobi atalia akiona hii kitu. Wewe nitakukumbuka."

Akamgusa bega kwa mkono uleule uliokuwa na soksi. Drusilla alirudi mezani akiwa ameinamisha kichwa, na maneno yaliyotoka yalikuwa ya kweli na ya kuchukiza.

"Mama, imekatwa. Imeharibika."

"Si nilikwambia?" Kimeli akadakia. "Lakini kwa sababu ni wewe, mama, wacha nikusaidie."

Nyabate akaitikia kwa kichwa. Hakubisha. Alinyoosha viganja vyote viwili kupokea, vidole vikiwa na michirizi myeusi isiyotoka, akasema, "Mungu akubariki, kijana yangu."

Chukizo likamrudia Drusilla. Safari hii halikutokana na kinyesi wala pumzi ya Kimeli. Lilitokana na sauti yake mwenyewe.

"Usichukue," akasema.

"Unasema?" Kimeli akauliza.

"Ncha inaweza kutengenezwa upya. Hii fimbo ni ya thamani, mama. Hata ikiwa hivi ilivyo, itakupatia ng'ombe mtamba. Mabati ni kitu kidogo."

Kimeli akatupa soksi sakafuni.

"Chukua mkoba yako, wewe! Nenda ufungue duka ya mama yako! Mshenzi!"

Drusilla alichukua mkoba. Nyabate akairudisha fimbo guniani, akamfuata. Nje, mbele ya duka la mbegu, alimwandikia Nyabate jina la mwalimu wake wa chuo, ambaye hangemdanganya, na namba yake ya simu.

Nyabate alikunja karatasi, akaitia ndani ya leso, akafunga fundo. Alimtazama msichana huyo bila hasira na bila tabasamu.

"Ulikuwa unajua tangu mwanzo?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona uliniambia kwanza imeharibika?"

Mama akapachika gunia kwapani, akavuka barabara.