Koti la Kijeshi la Fundi Ajzik

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa, Gitla Frydland alimficha mumewe jambo moja tu, na jambo lenyewe lilikuwa na umri wa saa tatu. Asubuhi ile, Ajzik alipokuwa amesimama ukutani akisali, Gitla alimwendea Sajenti Drozd wakapatana: mambo yakiharibika gatini, sajenti amkamate Ajzik kwa nguvu amtie mashuani. Yeye Gitla atabaki.

"Mama, mimi hilo silipendi," sajenti alisema.

"Nani kakuuliza unapenda nini? Wewe una mikono yenye nguvu, mimi sina. Utamkamata au hutamkamata?"

Sajenti akasema atamkamata.

Ilikuwa Jumatatu, Juni ya mwaka 1940, katika mji wa Saint-Jean-de-Luz, huko Ufaransa inakoishia na Hispania kuanzia. Wajerumani walikuwa njiani. Meli za Waingereza zilikuwa zimetia nanga nje ya ghuba, na mashua za wavuvi wa jodari zilikuwa zikiwasomba askari wa Poland kuwapeleka melini. Saa sita ya usiku ule mapatano ya kusimamisha vita yangeanza kazi, na baada ya hapo hakuna mashua ambayo ingeruhusiwa kutoka. Waliopanda walikuwa askari, na wake zao wenye karatasi. Wayahudi waliotembea wiki sita kutoka Antwerp na Brussels walikaa juu ya masanduku yao, wakizitazama meli na kuulizana mambo ambayo hakuna aliyeyajua.

Ajzik na Gitla walikuwa miongoni mwa hao. Binti yao Rywka alikuwa Leeds, kwa Waingereza, ameolewa huko, na anwani yake Gitla aliijua kwa moyo kama anavyojua kuwasha mishumaa ya Sabato. Bahati yao ilikuwa suruali ya Sajenti Drozd. Ilipasuka mahali pabaya, Ajzik akaishona bure, na katika kushona wakagundua kwamba wote wawili walizaliwa Łódź, huko Poland, mtaa kwa mtaa. Kesho yake sajenti akaleta koti la jeshi. Askari mwenye koti alikuwa amelivua akamfuata mjane mmoja mwenye duka la mikate, na jeshi halikumwona tena.

"Ukilivaa hili, mzee, wewe ni fundi wa kikosi," sajenti alimwambia. "Na mama ni mke wa fundi wa kikosi. Karatasi zimepotea njiani. Za nani hazikupotea?"

Ajzik aliufurahia mpango huo. Gitla aliliona tundu lake. Alikwisha kwenda gatini mara mbili kuchungulia, akamwona kapteni wa pale mezani akiwapitisha wanaume wenye koti bila maswali mengi, na kuwarudisha wanawake wasio na karatasi, mmoja baada ya mwingine. Akapiga hesabu ya mtu mzima. Mwanamke anaweza kujibanza kwa mama mshona nyavu waliyepanga kwake, akamenya viazi, akanyamaza, nani atamjua? Lakini Ajzik, na ndevu zile, na Kifaransa kile cha kukwaruza, asingemaliza wiki. Ndipo alipomtafuta sajenti. Aliporudi akayapanga mabegi upya.

Adhuhuri wakaingia kwenye foleni. Mvua ilikuwa imekatika na bahari ilikuwa bado imechafuka. Foleni ilisogea hatua tano, ikasimama nusu saa. Basi Ajzik, badala ya kukaa kama askari, akalivua koti, akalitandaza magotini, akavaa miwani, akatoa wembe wake mdogo na kuanza kufumua.

Gitla aliona giza.

"Ajzik, unafanya nini?"

"Nalitazama."

"Unatafuta kitani."

Ajzik aliendelea kufumua. Gitla alijua. Sheria yao inakataza kuvaa sufu na kitani katika vazi moja, na mafundi wa majeshi hupenda kuficha kitani ndani ya kola ili isimame. Ajzik alikuwa fundi ambaye Antwerp nzima ilimletea makoti ayapapase. Alikuwa akifumba macho, akipitisha kidole gumba ndani ya kola, na kusema ndiyo au hapana, na hakuwahi kukosea. Ni kazi njema, mtu akiwa dukani kwake na chai ya moto pembeni.

"Wajerumani wanakuja, wewe unapapasa kola," Gitla alisema. "Baba yangu alikuwa mwalimu wa sheria, alifunga kwa kila kisingizio, na hata yeye angekuambia roho kwanza, nguo baadaye."

"Baba yako hakuwa fundi," Ajzik alisema, akakata uzi kwa meno.

Kutoka kwenye kola akahamia mbele ya koti. Akaanza kuchezea vifungo, kimoja kimoja, kwa sindano, bila haraka yoyote. Gitla akajisemea kwamba mtu huyu anataka kupendeza. Kikosi kizima kimekuja na matope mpaka magotini, huyu anataka vifungo vyake vikae sawa. Akaitazama shingo ya mumewe alivyoinama, pale nyuma ambapo nywele huota vibaya na yeye huzikata kila mwezi. Huko Leeds atazikata Rywka, na Rywka hajui kukata nywele. Alimpenda mtu huyu mpaka akamchukia kidogo, na akageuza uso asije akamwona machozi.

Jioni wakafika mezani. Kapteni alikuwa hajanyoa siku kadhaa na sauti yake ilikuwa imekauka. Akamtazama Ajzik ndani ya koti lake, akazitazama ndevu, akamuuliza sajenti ni tangu lini kikosi kinachukua mababu. Sajenti akasema fundi ni fundi, na suruali za kikosi zingeweza kutoa ushahidi. Kapteni akapiga alama kwenye daftari. Kisha akamgeukia Gitla, akauliza karatasi.

Sajenti akaeleza kwamba zimepotea.

"Asiye na karatasi hapandi," kapteni alisema. Hakuwa mkali. "Nimewarudisha wanawake arobaini tangu jana. Nikimpitisha huyu, wale nitawaambia nini?"

Gitla aliona kwamba ni haki. Alimtazama sajenti, akainamisha kichwa mara moja kumpa ishara.

Sajenti Drozd alikuwa mtu wa ahadi. Akamkamata Ajzik kwa nyuma, mabega yote mawili, akamnyanyua kuelekea mashuani. Ajzik hakupigana naye. Alivuta pumzi akatanua kifua, na vifungo vyote sita vikaachia kwa pamoja vikamwagika juu ya mawe. Akanyoosha mikono nyuma, akateleza kutoka ndani ya koti, na sajenti akabaki ameshika sufu tupu.

Ajzik alikuwa amesimama na kizibao chake, nyuzi za vazi lake la sala zikipepea kiunoni. Foleni yote ilimwona sasa kwamba si askari wala hajawahi kuwa. Akaja akasimama karibu na mkewe, akatua begi lake chini.

"Koti ni mali ya jeshi, bwana kapteni," alisema. "Nimelirudisha. Vifungo viko hapo chini, hakuna kilichopotea."

Gitla aliangalia kifungo kimoja karibu na kiatu chake. Kilikuwa na uzi mmoja tu, uzi wa bandi, ule ambao fundi hushikizia nguo kwa muda akijua ataung'oa.

Kapteni alimuuliza sajenti nani aliyemwamuru kumkamata mzee. Sajenti, akiwa mwekundu mpaka masikioni, akamwonyesha Gitla. Kapteni akamtazama mama huyo kwa muda mrefu, kisha akamtazama fundi.

"Mvike mzee koti lake," alisema. "Karatasi za mama nimeziona."

"Bwana kapteni, hakuna—" Ajzik alianza.

"Nimeziona. Wale arobaini nitawajibia mimi." Akaandika, na hakuinua tena macho walipopita.

Mashuani walibanwa kati ya askari na vikapu vilivyonuka samaki. Ajzik alilishika koti lisifunguke kwa upepo. Gati lilipokuwa limebaki mbali, Gitla akamsogelea.

"Kwa hiyo hukuwa unatafuta kitani."

"Nilitafuta. Hakimo."

"Nani alikuambia? Drozd?"

"Drozd asingeweza kunificha kitu, lakini hakusema. Begi lako. Nililiinua asubuhi, likawa jepesi. Lina blanketi peke yake. Langu lina mkate wote, dagaa wote, na anwani ya Rywka umeishonea mfukoni, na unashona vibaya, Gitla."

"Nilitaka uishi," alisema, na safari hii aliyaacha machozi yatoke.

"Najua. Ungeniuliza kwanza."

Wimbi liliwapiga, askari mmoja akaanza kutapika, mvuvi akacheka. Gitla akajifuta uso kwa kiganja.

"Basi niulize sasa," Ajzik alisema.

"Ajzik, tutakwenda wote?"

"Wote," akasema.